Makufuli, King'ora na Mbwa Aitwaye Meneja

Nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha pili, na nimelinda nyumba ya baba yangu tangu siku fundi alipobandika mlango wa mbele mpaka Jumamosi iliyopita, nilipotoka kazini mbele ya umati. Naandika haya kwa ajili ya wanaobaki kazini, yaani dada yangu Chelangat, ambaye yuko darasa la sita na anaogopa bata, na binamu yetu Kibet, ambaye haogopi kitu kwa sababu hafikirii. Vyeo sitavitaja, maana nilianza nikiwa mkuu na nikamaliza nikiwa mkuu, na chini yangu hapakuwa na mtu. Mshahara pia tuuache. Baba anaweza kusoma hapa akakumbuka mahindi niliyochoma nikiwa zamu.

Kwanza mjue nyumba yenyewe ilijengwa kwa nini. Miaka hii ya tisini, mtu wa huku Merigi akipata bonasi nzuri ya majani chai hununua ng'ombe wa gredi au huanza nyumba ya mawe. Baba alianza nyumba. Vyumba vitatu vilikuwa vyetu, cha nne kilikuwa cha Gogo, mama yake mzazi, ambaye alikuwa akiishi peke yake kule Chebunyo na mbuzi wake. Siku moja Gogo alienda kanisani, mwizi akaja mchana peupe, akang'oa mlango mzima, akabeba redio, blanketi na kuku wote isipokuwa jogoo mmoja, nadhani kwa sababu ya tabia zake. Gogo aliporudi alikuta mlango umelala kwenye nyasi. Akauinua, akauegemeza mahali pake, akalala.

Baba alipopata habari hizo hakula. Alisema mama yake hatamaliza msimu mwingine wa mvua nyuma ya mlango wa kuegemeza. Lakini Gogo si mtu wa kuhamishwa. Alituma jibu kwa Kiswahili, na Gogo huongea Kiswahili akitaka kila mtu asikie, hata wasiohusika: "Nitakuja nione hiyo nyumba. Nikiona ni chela, narudi kwangu." Alimaanisha jela. Kwa wazee wetu herufi zingine ni mapacha, huwezi kujua nani ametangulia kuzaliwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi: kupata ulinzi ambao mwizi hawezi kuuvuka na Gogo hawezi kuukataa. Nawaambia ninyi wawili, mwizi ndiye alikuwa sehemu rahisi.

Tulianza na vyuma. Fundi alitia vyuma kila dirisha, hata lile la choo ambalo paka mnene hapiti. Kisha baba akaleta makufuli: la geti, la mlango wa mbele, la nyuma, la jikoni, la stoo, na moja la tangi la maji, ingawa sijawahi kusikia mwizi amekimbia na maji. Akazifunga funguo zote kwa kamba ya katani, akanivisha kiunoni.

"Kirui, kuanzia leo wewe ndiye askari wa hapa."

"Na rungu?"

"Rungu ya nini? Umeona adui?"

"Baba, askari bila rungu ni mgeni tu."

Nilipewa mpini wa jembe. Siku yangu ya kwanza niliifanya kwa bidii kubwa. Nilizunguka nikifunga kila kilichokuwa wazi, nikaketi barazani nikisikiliza usalama. Baada ya muda usalama ukaanza kugonga kutoka stoo.

"Kirui," sauti ya mama ikasema, kwa upole kabisa, "ukishafungua huu mlango, usisimame karibu nao."

Somo la kwanza, basi: kabla ya kufunga mlango, uliza nani yumo. Nilifungua kufuli nikiwa nimeshatazama upande nitakaokimbilia.

Baba naye alikuwa na wasiwasi kuhusu vyuma. Alisimama nje akayatazama yale madirisha, akakumbuka neno la mama yake. "Hii inafanana na kituo cha polisi," akasema. Chelangat akasema kituo cha polisi kina maua. Ndipo baba akaanza kutafuta ulinzi usioonekana.

Bwana mmoja akaja kutoka Kericho kwa pikipiki, tai imemrukia begani, akiuza king'ora. Kilikuwa chombo kama sufuria iliyolaliwa, kinatumia betri ya gari, kina waya mwembamba unaopita chini ya geti. Mtu akiukanyaga, kinalia. "Kitasikika hadi ng'ambo," yule bwana akasema, na hilo ndilo neno la kweli pekee alilosema siku hiyo. Baba akaniambia nijifanye mwizi. Nikajifunika koti, nikanyata, nikakanyaga.

Kililia sana. Ng'ombe mmoja aliyekuwa akikamuliwa alipiga ndoo teke akaondoka nayo mguuni. Lakini shida haikuwa ng'ombe. Mnajua lori la majani chai likifika kituo cha kupimia linavyopiga honi ndefu, na watu wanavyotoka mashambani mbio na vikapu mgongoni, maana halingojei mtu. Sasa king'ora chetu na ile honi ni mtu na ndugu yake. Tukiwa bado tunampongeza yule bwana, tuliwaona majirani wanatokea kila upande na majani yao, wanahema, wanapanga mstari mbele ya geti letu. Wa mbele alikuwa Mama Chepkoech, jirani yetu wa karibu, ambaye huwa hapendi kushindwa mstari.

"Lori iko wapi?"

"Hakuna lori," nikamwambia. "Ni mwizi."

"Mwizi yuko wapi?"

"Ni mimi."

Alinitazama juu hadi chini. "Hilo tunalijua. Lori iko wapi?"

Baba aliwaomba radhi mmoja mmoja. Ubaya ni kwamba lori lenyewe lilipokuja jioni likapiga honi, watu walisema, aah, ni wale tena, wakaendelea na shughuli zao. Majani ya siku hiyo yalilala vikapuni yakanyauka. Kesho yake karani wa kituo alikuja kwetu bila kusalimia. King'ora kikarudi Kericho, na kwa wiki nzima hakuna mwanamke wa kijiji aliyemuuliza mama habari za asubuhi.

Hapo ndipo nilipompata mwalimu wangu. Mzee Ombati alikuja huku zamani kutoka upande wa Kisii, akafanya uaskari kwenye mashamba makubwa ya chai mpaka akastaafu, akanunua kipande chake juu ya mto, akabaki kuwa mtu wa hapa isipokuwa wakati wa mpira. Baba alienda kumwomba ushauri nami nikamfuata na mpini wangu. Mzee Ombati aliutazama mpini, akanitazama.

"Wewe ndiye askari?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ukiona mwizi utafanya nini?"

"Nitamkimbiza."

"Na akikukimbiza?"

Sikuwa nimefika sura hiyo. Alinifundisha kwa majuma kadhaa, nikitoka shule, na yale nimeyabeba yote. Asubuhi pitia ua wa miiba kabla ya jua kutoka na utazame umande. Palipokatika, kuna kitu kilipita, na kwa urefu utajua kama ni mbwa, ndama au mtu. Usimulike tochi usoni pako ili mwizi akuone una tochi. Ukifuatana na mbwa, kaa nyuma yake. Askari aliye mbele ya mbwa ni chakula. Mlango usiofungika vizuri ni afadhali uache wazi, maana wazi utauangalia. Haya yaandikeni vichwani, maana hamtayapata shuleni, na mimi shuleni sipati mengi.

Mwisho Mzee Ombati akasema tunahitaji mbwa, naye anaye mmoja, mstaafu kama yeye. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, anaitwa Meneja. Niliuliza kwa nini Meneja. Mzee Ombati akasema kwa sababu hafanyi kazi mpaka aone mtu mwingine anafanya.

"Huyu hang'ati ovyo," akamwambia baba. "Anangoja neno."

"Neno gani?"

"Chai."

Mbwa akasimama wima. Mzee Ombati akakanyaga mnyororo.

Baba akacheka kile kicheko cha mtu anayezijua ofisi za serikali. "Hiyo haina shida, Mzee. Chai yako utapata." Akatia mkono mfukoni, akampa kitu. Mzee Ombati akashangaa kidogo, lakini akapokea, maana katika nchi hii mtu akikupa chai huulizi ni ya nini. Wakapeana mikono. Mimi nikapewa mnyororo, na sote tukaondoka tukiwa tumeelewana kabisa.

Tulimfunga Meneja nyuma ya zizi. Alikuwa mpole ajabu. Kuku walimpanda mgongoni. Ila mara mbili kwa siku alikuwa akiruka na kuvuta mnyororo na kubweka mpaka povu, kisha ananyamaza. Ilikuwa asubuhi mama akiita watu chai, na alasiri mama akiita watu chai. Baba alifurahi. "Huyu anajua saa za kazi," akasema. Mnaona jinsi mtu anaweza kuwa na habari yote mkononi na asijue ameshika nini.

Jumamosi iliyopita Gogo akaja. Baba alikuwa kwenye mkutano wa kituo cha majani, bado wanajadili ile siku ya king'ora. Gogo alishuka barabarani na fimbo yake mkono wa kulia na kikapu mkono wa kushoto, ndani ya kikapu kuna kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mala yenye mkaa, kimefungwa kwa leso. Alikuwa amevaa nguo ya kanisa. Nikamfungulia geti. Alinitazama nikihangaika na kamba ya funguo.

"Ni ng'ombe ngapi wanalala humo?" akauliza.

"Hakuna, Gogo. Ni ya watu."

"Watu walifanya nini?"

Akaingia. Akatazama madirisha yenye vyuma, moja baada ya lingine. Mama akatoka mbio kumpokea kikapu.

"Wacha," Gogo akasema. "Mzigo ukikaa chini, mtu amekaa. Mimi sijakaa pato." Alimaanisha bado.

Niliona uso wa mama. Chumba cha nne kilikuwa na kitanda kipya, na pazia alilolishona mwenyewe. Nikafikiri, huyu mzee haogopi mwizi, anaogopa sisi. Basi nikamwonyesha kitu kilicho hai, kisicho na chuma. Nikamfungua Meneja, nikamleta.

"Gogo, huyu ni Meneja."

"Wa kampuni gani?"

Meneja akamnusa fimbo, akatingisha mkia. Gogo karibu acheke. Na mama, aliyekuwa amerudi mlangoni mwa jikoni, akaona mambo yameanza kulainika, akasema neno ambalo mama yeyote wa nchi hii ya majani angelisema: "Gogo, kuja basi unywe chai."

Mnyororo ulitoka mkononi mwangu kama sikuwahi kuushika. Meneja aliruka, akamshika Gogo pindo la nguo kwa meno, akakita miguu minne, akatulia. Hakung'ata. Alishikilia tu, anatazama mbele kama karani. Gogo akayumba, akasimama, fimbo juu, kikapu kifuani.

"Toa hii kitu," akasema.

Tulijaribu kila lugha. Acha. Toka. Kaa. Kibet alijaribu Kiingereza, akisema mbwa wa kampuni ni wa kizungu. Chelangat alileta mkate, Meneja akautazama na kurudisha macho mbele. Mama akapoteza subira: "Nyamazeni wote. Kibet, ondoa hiyo chai motoni inamwagika." Meneja akavuta zaidi.

Majirani walishaanza kufika. Mama Chepkoech alikuja bila kikapu safari hii, amejifunza, akajipatia nafasi nzuri kwenye ua. Kibet akatumwa mbio kwa Mzee Ombati, na Mzee Ombati akaja anatembea, kwa sababu anasema askari akionekana anakimbia, watu huanza kuiba.

"Nani amemwambia chai?" akauliza.

Meneja akavuta. Mzee Ombati akaweka kidole mdomoni, na tukaelezwa, tena kwa minong'ono. Kule mashambani watu huingia kuiba majani mabichi, na askari akiwaona hupiga kelele neno hilo, na mbwa huenda. "Nilimwambia mwenye boma. Akaniuliza neno, nikasema ndilo hilo. Akanipa."

"Akakupa nini?" mama akauliza.

"Hilo hilo."

Mama Chepkoech akaanza kucheka huko kwenye ua, na kicheko kikazunguka boma zima. Gogo hakucheka.

"Sasa anaachiliaje?" nikauliza.

"Ni rahisi. Mwizi wa majani akishikwa, anaweka kikapu chini, na mbwa anaachilia. Mama, weka tu kikapu chini."

"Niweke kwa nini?" Gogo akasema. "Nimeiba?"

"Hapana, mama. Ni mbwa tu hajui."

"Basi mfundishe. Nitangoja."

Mzee Ombati alimshika Meneja taya. Uzi wa nguo ukalia trr. "Hii ni nguo ya kanisa," Gogo akasema. "Ikiraruka, nitarudi nayo hivyo hivyo Chebunyo, na nikiulizwa nitasema ni kwa mtoto wangu." Mama akamwomba. Jirani mmoja akamwomba. Gogo alikuwa akitazama geti, wala hatazami mbwa. "Nimekuja, nimeona," akasema polepole. "Kuna vyuma, kuna kufuli, kuna mbwa ananiambia weka mzigo. Huyu akichoka, mimi naenda. Leo."

Nawaambia ninyi mnaobaki, kazi hii yote ilikuwa ya huyu mtu mmoja. Vyuma vilikuwa vyake. King'ora kilikuwa chake. Nilijua baba akirudi akute ameenda, hatamfuata mara ya pili, kwa sababu wote wawili ni wa tumbo moja la ukaidi, na ule mlango wa Chebunyo utaendelea kuegemezwa mpaka siku mwizi atakapokuja na yeye yumo ndani. Sikuwa tayari. Nilijua pia kwamba hakuna mtu amewahi kumwamuru Gogo kitu akakifanya, tangu wakati wa mkoloni. Kwa hiyo kumwomba aweke kikapu ilikuwa kupoteza mate.

Nikafungua kamba ya katani kiunoni.

"Gogo, shika."

"Ni nini hizo?"

"Funguo za nyumba. Zote."

"Za kunifungia?"

"Za kutufungia sisi. Mwenye funguo hafungwi, Gogo."

Akanitazama kwa jicho moja, lile la kununulia mbuzi. "Baba yako ana zingine?"

"Hana."

"Akitoka mkutano ataingiaje?"

"Atabisha."

"Kijana yangu atabisha, mimi nifungue?"

"Ukitaka."

Gogo akafikiri. Mkono wa kulia ulikuwa na fimbo, na hakuna mtu mwenye akili huweka fimbo chini mbwa akiwa ameshika nguo yake. Mkono wa kushoto ulikuwa na kikapu. Mama Chepkoech akanyoosha shingo juu ya ua. Kisha Gogo akainama bila haraka, kama mtu aliyeamua mwenyewe na hakuna aliyemwambia, akakiweka kikapu chini kando ya mguu wake, akanyoosha mkono.

"Leta."

Meneja akaachilia pindo, akalala, akaanza kujiramba. Kwake mambo yalikuwa yameisha. Gogo akapitisha funguo mmoja mmoja kidoleni akiuliza wa wapi na wa wapi, nami nikimjibu. Alipofika kwenye ule mkubwa wa geti akaniambia, "Weri," yaani kijana, "funga hapo. Huyu mzee wa Kisii asiende kabla hajanywa..."

"Kitu," mama akamalizia haraka. "Kabla hajanywa kitu."

Ndivyo nilivyostaafu, bila hotuba. Chelangat na Kibet, sasa mko chini yake. Umande mtazame bado ninyi, maana magoti yake hayamruhusu. Neno lile mliseme jikoni tu, mlango umefungwa. Na msimfunge mtu stoo. Gogo hatagonga kwa upole kama mama.

Jioni hiyo mvua ilikuwa imeanza kudondoka baba alipofika getini na viatu vyake vya mkutano, faili kwapani.

"Kirui, fungua."

"Sina funguo, baba. Nimestaafu."

"Umestaafu na nani?"

Gogo akaja kutoka barazani kwa mwendo wake, fimbo mbele. Baba alipomwona bila kikapu mkononi alivua kofia kwenye mvua ile.

"Chamgei, mama," akamsalimia. "Umefika?"

"Nimefika. Ng'ombe wamekunywa maji?"

"Watoto watawa..."

"Nimeuliza ng'ombe yako. Sijauliza watoto."

Baba akanipitishia faili juu ya geti, akageuka akashuka malishoni kando ya mto na vile viatu. Tulimsikia huko chini akiwaita ng'ombe kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine. Gogo alisimama getini mvua ikimnyeshea leso, anasikiliza. Alipomsikia ameita jina la wa mwisho, akatia ufunguo kwenye kufuli.